Vipimo Tisa vya Mzee Mutiso

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wangu wote na akili zangu zote, kwamba kompyuta ukiiambia jambo lilelile mara mbili inapasuka. Si kuharibika, kupasuka. Kinyozi wangu wa Majengo, mtu ambaye hakuwahi kunidanganya hata kuhusu upara wangu, aliniambia kwamba karani mmoja wa godauni huko Industrial Area aliandika "mifuko arobaini ya sukari", akasahau, akaandika tena "mifuko arobaini ya sukari". Kompyuta ikanyamaza kidogo kama mtu anayemeza tusi. Kisha ikafura, ikatoa moshi wa zambarau, na karani akabaki bila nyusi. Nyusi zenyewe zilipatikana zimenata kwenye kioo cha dirisha. Nilimuuliza kinyozi swali moja tu: zote mbili? Akasema zote mbili. Basi nikaridhika.

Nyinyi mnaoshika stoo ya vifaa sasa mmeniomba niandike kidogo kabla sijasahau, na mimi nikiombwa kidogo huandika kingi. Nimestaafu juzi tu. Bado naamka saa kumi na moja alfajiri nikavaa viatu vya kazi, halafu mke wangu ananiuliza naenda wapi navyo. Vyeo nilivyopanda sitavieleza, havikufika hata ghorofa ya kwanza. Mshahara nao ni siri kati yangu na wale waliokuwa wakiucheka. Nitaeleza kazi.

Niliingia kiwandani kama kibarua, miongoni mwa wale wanaosimama getini asubuhi wakitanua vifua ili waonekane wana nguvu. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, lakini nilitembea na kalamu mfukoni kama mkaguzi wa elimu. Msimamizi akaiona. Akauliza nani anajua kusoma na kuandika, nikainua mkono kabla hajamaliza kuuliza, na ndiyo sababu sikuwahi kubeba bati mgongoni hata siku moja. Kalamu yenyewe haikuwa na wino.

Nikaingizwa ndani. Wasiokijua kiwanda chetu wajue kwamba tunatengeneza sufuria, na sufuria huzaliwa kwa kelele. Presi saba zinakandamiza bati la alumini kwa pamoja, na siku hiyo ya kwanza nilihisi meno yangu yakibadilishana nafasi. Nasema kweli, nilipofika nyumbani Kaloleni jioni, niliwaamkia majirani kwa sauti ambayo ilisikika hadi Makongeni, na mke wangu akafikiri nimelewa. Nilipewa dirisha dogo lenye wavu na nyuma yake rafu za spana, nyundo, tupa na bisibisi. Nikaambiwa, hii ni stoo, kifaa kikipotea umepotea nacho. Msimamizi akaenda zake.

Aliyenifundisha kazi si yeye. Ni Mzee Mutiso, fundi mkuu wa presi, ingawa wakati ule hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa Mkamba mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu. Kwao watu huchonga, na yeye alikuwa amechonga mipini ya tupa zote za kiwanda, kila mpini ukilingana na kiganja cha fundi aliyeitumia zaidi. Ukishika tupa isiyo yako ulijua papo hapo, kama kuvaa kiatu cha mtu.

Alinionyesha ubao. Ubao ule hamkuukuta, kwa hiyo nisikilizeni. Ulijaa ukuta mzima, na kila kifaa kilikuwa na msumari wake. Kila fundi naye alikuwa na chapa sita, yaani vipande vya duara vya alumini vilivyogongwa namba yake. Ukitaka spana, unaniachia chapa, naitundika kwenye msumari wa spana ile. Ukirudisha, nakupa chapa yako. Ilikuwa hivyo tu. Jioni nilitazama ukuta, na ukuta ukaniambia nani ana nini. Mzee Mutiso aliniambia nisibishane kamwe na fundi kuhusu kifaa, nitazame msumari kisha nikae kimya, kwa sababu msumari hauna shemeji.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuja mwezi wa pili. Fundi mmoja wa kukunja vifuniko alikuwa na vifaa tisa nje, na chapa tisa zenye namba yake ziko ukutani. Chapa sita, vifaa tisa. Nilihesabu mpaka nikaota nahesabu. Mzee Mutiso alikuja, akazishusha chapa zote, akaniomba kipimo cha unene. Hicho kilikuwa kifaa cha heshima kuliko vyote, chuma chenye taya mbili kinacholala ndani ya kisanduku cheusi chenye kitambaa, na kilikuwa kimoja tu kiwandani. Kinapima unene wa unywele, ukiwa na subira. Akapima chapa moja moja. Sita zilikuwa nene sawasawa. Tatu zilikuwa nyembamba kama vifuniko vya sufuria, kwa kuwa zilikuwa vifuniko vya sufuria. Jamaa alijikatia mwenyewe kwenye mabaki. Tukiwa kiwanda cha alumini, kila mtu alikuwa na malighafi ya wizi mfukoni. Mzee hakumshtaki. Alimrudishia zile sita, zile tatu akazitupa kwenye ndoo ya chakavu, akarudi kwenye presi yake. Kuanzia siku hiyo nilimfuata kama mkia.

Ni yeye pia aliyenirudisha shule. Aliniona nikihangaika na barua ya Kiingereza kutoka kwa kampuni ya spana, nikiitikia kwa kichwa kila sentensi kana kwamba naielewa. Akasema kuna masomo ya jioni kwenye ukumbi wa kanisa, yanaanza saa kumi na moja na nusu, na kwamba mtu hafi kwa kukaa darasani na watoto wa rika la wanawe. Nilikwenda. Nilifanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na mvi tatu, na wa kidato cha nne nikiwa na mvi zisizohesabika. Siku ya matokeo mtaa mzima ulisherehekea, au tuseme nusu ya mtaa, au tuseme ploti yetu. Mzee Mutiso aliniletea kalamu. Hiyo ilikuwa na wino.

Sasa tufike kwenye kompyuta.

Ubao uling'olewa mwaka ambao wenye kiwanda walibadilika. Ukuta ukapakwa rangi nyeupe, na chini yake ikawekwa meza yenye kompyuta. Akaja Madam Akinyi kutoka ofisini kuiwekea programu aliyoiandika mwenyewe. Msichana mdogo, sauti ya chini, haraka haraka hana. Alinieleza mara moja nikaelewa. Unaandika namba ya fundi, kisha kifaa alichochukua. Kikirudi, unaandika jina la kifaa upande wa kurudisha, kinatoka. Na kila zamu ikiisha, kifaa ambacho hakijarudi unakiandika tena chini ya fundi yuleyule, ili zamu inayofuata ijue bado kiko nje.

Unakiandika tena.

Jasho lilinitoka mpaka likalowesha soksi. Nilitaka kumwambia kuhusu yule karani wa godauni, lakini nilikuwa mtu mwenye cheti cha kidato cha nne, na mtu wa cheti haanzi kuuliza habari za nyusi. Nikasema, "Sawa kabisa, Madam." Akaondoka akiniacha peke yangu na lile bomu.

Usiku ule nilitafakari, na asubuhi nilikuwa na dawa. Nilijisifu sana kwa dawa ile. Ikiwa mashine inapasuka kwa kuambiwa jambo lilelile, basi sitaiambia lilelile. Mzee Mutiso akichukua kipimo cha unene asubuhi, naandika "kipimo cha unene". Zamu ikiisha bado anacho, naandika "kipimo cha taya mbili". Kesho yake, "chombo cha kisanduku cheusi". Kesho kutwa, "kile cha kupimia bati". Kikirudi, naandika jina la mwisho nililotumia, linatoka, na mimi napangusa paji la uso. Yale majina mengine sikuyajali. Niliamini kompyuta inajua kwamba ni kitu kimoja. Si ni kompyuta?

Mafundi wengi walirudisha vifaa kila jioni, kwa hiyo kwao hakukuwa na neno. Lakini Mzee Mutiso, kwa sababu ya kazi yake, alikuwa na ruhusa ya kukaa na vifaa siku nyingi ndani ya sanduku lake la kufuli. Presi haiponi kwa siku moja. Hivyo kwake yeye nilitumia ushairi wangu wote. Spana moja kubwa niliiita majina ambayo hata mamake hakumpa. Nilifika mahali pa kuandika "mfalme wa spana".

Katikati ya hayo, Madam Akinyi alianzisha darasa la kuandika programu, pale pale kwenye ukumbi wa kanisa, akanialika. Kule tulimwita Mwalimu. Nikajiunga, nikiwa mzee kuliko kiti. Kuna jioni moja alitufundisha kitu kinachoitwa kamusi. Si kile kitabu. Ni namna ya kuhifadhi mambo ndani ya programu: unaweka ufunguo, mfano jina la mtu, na chini ya ufunguo huo unaweka mali yake. Mali hiyo inaweza kuwa kitu kimoja, lakini pia inaweza kuwa seti nzima, yaani mkusanyiko wa vitu. Vijana walikuna vichwa. Mimi nililielewa kabla hajafuta ubao, maana nilikuwa nimeishi na jambo hilo ukutani nusu ya maisha yangu. Ufunguo ni namba ya fundi, seti ni vifaa vyake. Nilijibu maswali yote mpaka mama mmoja muuza mitumba akaniomba nipumzike kidogo na wengine wapate.

Kisha likaja zoezi. Ufunguo uwe jina lako. Mali iwe seti ya mitaa uliyowahi kuishi. Ingiza mtaa mmoja baada ya mwingine, na hatua ya tano ikasema: ingiza tena mtaa uliokwisha kuuingiza, uone kinachotokea.

Uone kinachotokea! Nilishika simu, nikaiweka sikioni ingawa haikuwa imelia, nikatoka nje hadi kwenye geti la kanisa, nyuma ya nguzo ya zege. Nilisubiri mlipuko. Watu kumi na wawili mle ndani walikuwa wakiiambia mashine jambo mara mbili, nami niliwaombea mmoja mmoja kwa jina. Sikusikia kitu. Niliporudi wote walikuwa na nyusi zao, na Mwalimu alikuwa amemaliza kueleza. Nikahitimisha kwamba kompyuta za kanisa zina baraka zake.

Mimi hatua ya tano niliifanya kwa ile dawa yangu. Nilikuwa nimeishi Kaloleni, Mbotela, kisha Kaloleni tena. Nikaingiza "Kaloleni", "Mbotela", "Kaloleni ya karibu na ukumbi". Mwalimu alisoma akacheka, akasema huyu mzee amehama bila kubadilisha choo, akanikata alama moja. Sikuuliza kwa nini. Kumbukeni hapo, nyinyi vijana: alama moja nilikatwa nikaona aibu kuuliza, na aibu ile ikaja kulipwa na mtu mwingine.

Mzee Mutiso alifikisha umri wa kustaafu miaka michache kabla yangu. Mnajua desturi ya kiwanda chetu. Anayestaafu hutengenezewa sufuria kubwa yenye jina lake, na siku ya mwisho hutoka kwa geti kubwa la malori, presi zimezimwa, wenzake wakigonga vifuniko mpaka mbwa wa Industrial Area wanahama. Lakini kabla ya hapo lazima apeleke fomu idara zote zitie sahihi kwamba hana mali ya kiwanda. Asiyetiwa sahihi hutoka kwa mlango mdogo wa kando, baada ya askari kupekua mfuko wake. Katika miaka yangu yote niliona wawili tu wakitoka kwa mlango ule, na majina yao hayatajwi hadi leo.

Jumanne ya juma lake la mwisho, Bwana Karanja, afisa wa wafanyakazi, alichapisha orodha ya Mzee Mutiso kutoka kwenye kompyuta ya stoo. Karanja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni, msafi, na alikiamini kilichochapishwa. Orodha ilikuwa na vifaa arobaini na kimoja. Miongoni mwake vilikuwemo vipimo vya unene tisa.

Mzee alikuja dirishani kwangu na ile karatasi. Hakuwa na hasira. Aliipitisha chini ya wavu akaweka kidole kirefu kwenye mstari mmoja, kisha mwingine.

"Barasa," akasema, "hivi vipimo tisa nimeviweka wapi?"

Nilisoma. "Kipimo cha taya mbili." "Chombo cha kisanduku cheusi." "Kile cha Mjerumani." Kila mstari ulikuwa mwandiko wa akili yangu. Nyuma yangu, kwenye rafu, kipimo chenyewe kilikuwa kimelala kwenye kitambaa chake, kimoja, kimerudishwa salama. Nilijua lote. Na mimi, mtu aliyerudishwa shule na huyu mzee, nilisema:

"Mashine ndiyo inasema, Mzee."

Akatazama karatasi kidogo, akaikunja, akaenda.

Kwa nini sikusema? Niliogopa kupoteza kazi, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa kuulizwa sababu. Ningesimama mbele ya afisa na cheti changu na kueleza moshi wa zambarau. Nikajiambia Karanja mwenyewe ataona haiwezekani. Lakini Karanja alijibu jambo la busara: kimoja kiko stoo, vinane viko wapi? Hati za ununuzi zilikuwa zimepotea wenye kiwanda walipobadilika, na hakuna aliyeweza kumwonyesha kwamba tulinunua kimoja tu. Vijana wa presi wakaanza. "Buda amebeba stoo nzima," mmoja alisema, wakacheka, na aliyecheka zaidi alikuwa ameshika tupa yenye mpini uliochongwa na Mzee.

Jumatano Mzee alimwaga sanduku lake lote juu ya gunia mbele ya askari. Vifaa vya kiwanda vilikuwa vinne. Alivirudisha dirishani kwangu kimoja kimoja, nami nikavipokea bila kumtazama.

Alhamisi wakati wa chakula cha mchana nilimtafuta nimpelekee chai, maana dhamiri yangu ilikuwa imeanza na mambo madogo madogo. Hakuwa mahali petu pa kukaa. Nilimkuta nyuma, kwenye rundo la mabaki ya bati, amekunja suruali, anafukua kwa mikono. Alikuwa amejikata kidole. Nikamuuliza anatafuta nini, ingawa nilijua.

"Hivyo vipimo," akasema. "Labda nilivichukua nikavisahau. Mke wangu anasema siku hizi hata miwani naipoteza nikiwa nimeivaa. Labda ni uzee, Barasa. Mtu hajui akili yake inapoanza kwenda."

Nimeona presi ikikata kidole cha mtu, na nimemzika baba. Lakini sijawahi kusikia kitu kama hicho. Mtu aliyeweza kutambua chapa ya uongo kwa unene wa unywele alikuwa amesimama kwenye takataka, hana imani na kichwa chake mwenyewe, kwa sababu mimi nilitaka kulinda nyusi. Nilimwaga ile chai. Nikamwambia twende.

Tukaenda hadi ofisi ya Karanja. Madam Akinyi alikuwemo mle, akirekebisha mashine ya kuchapisha. Nikasema afadhali, wasikie wote. Nikasimama katikati ya zulia na viatu vyangu vichafu, nikasema kipimo ni kimoja, kilikuwa kimoja tangu siku ya kwanza, na majina yote tisa niliyatunga mimi. Na "mfalme wa spana" naye ni spana ya kawaida. Mzee Mutiso hajakosea wala hajasahau hata kifaa kimoja.

Karanja aliweka kalamu chini. Akauliza, "Kwa nini ufanye hivyo?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, kuanzia kinyozi hadi dirisha. Sikupunguza, na kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza. Karanja alimtazama Madam Akinyi kama anayeomba msaada. Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akakigonga mgongo.

"Keti hapa," akasema.

Akafungua orodha ya Mzee Mutiso, akaniambia nitoe majina yote, moja baada ya jingine, nikisema kila moja ni kifaa gani. Ilichukua karibu saa nzima. Karanja aliandika pembeni, akamtuma askari stoo na vifaa vikaletwa mezani vyote: majina arobaini na moja kwenye karatasi, vifaa sita kwenye meza. Vinne vya jana, spana moja na kile kipimo. Kisha akasema angependa kuhakikisha kwamba mashine yenyewe haiongezi vitu. Madam Akinyi akaniambia niandike "kipimo cha unene" chini ya namba ya Mzee. Nikaandika. Orodha ikaonyesha kimoja.

"Andika tena," akasema. "Hivyohivyo."

Nilimwomba Mzee Mutiso asogee mlangoni. Nilimwomba Karanja pia, naye akasogea, bila hata kuuliza. Madam Akinyi alibaki kando yangu, nikaona huyu mtoto wa watu ni jasiri. Nikaandika herufi moja moja kwa kidole kimoja, nikafumba macho, nikabonyeza.

Nilipofumbua, orodha ilikuwa na kipimo kimoja. Akanifanya niandike mara ya tatu, ya nne, mpaka zikafika tisa. Kimoja. Karanja alirudi mezani kwake, akachukua fomu, akatia sahihi, akagonga mhuri, akasimama kumpa Mzee kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Mzee akaipokea. Akanitazama muda mrefu, nami nikangoja nitukanwe, kwani nilistahili. Akaniambia tu kwamba chai yake nimeimwaga, nimletee nyingine.

Ijumaa alitoka kwa geti kubwa. Sitaieleza kelele ile, wengine wenu mlikuwepo na mliobaki mliisikia mlikokuwa, hata kama mlikuwa Kisumu. Wale vijana wa presi ndio waliobeba sufuria. Mimi nilipewa kifuniko nikakigonga mpaka kikawa sahani. Mzee alipita akiwa amevaa koti, mgongo umenyooka, kidole kimefungwa kitambaa, akawasalimu askari wote kwa majina yao, hata wale wa zamu mpya, bila kukosea hata mmoja.

Presi ziliporudi kunguruma nilikwenda stoo. Madam Akinyi alikuwa amekuja kuhakikisha orodha za mafundi wengine. Nilimshukuru kwa kukaa karibu nami jana, nikamwambia niligundua kwamba mashine haikupasuka kwa sababu mwenyewe aliyeitengeneza alikuwepo, ikamheshimu. Nikamuuliza, je, Jumatatu nikiwa peke yangu, niendelee kubadilisha majina kidogo tu, kwa usalama?

Akaondoa mikono kwenye meza, akanigeukia.

"Mzee Barasa, hakuna kompyuta inayopasuka kwa kuambiwa jambo mara mbili. Kila fundi nilimwekea seti. Kitu kikiwa kimo ndani ya seti, ukikiweka tena hakuna kinachotokea, kinabaki kimoja. Siku zote ungeandika tu jina lilelile."